Jamani, Tumejaa

(Mhadhara niliotoa jioni moja wilayani Nyamagana, Mwanza, mbele ya wanafunzi, mawakili vijana na wafanyabiashara. Nimeuacha karibu kama ulivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie uhuru wa maoni, na mwenyekiti amenionya nisipitilize, maana kuna wanaorudi Buhongwa na Igoma usiku huu na daladala hazimsubiri mhadhiri.

Nianze na mama mmoja. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwenye kivuko, sitasema kipi, narudi mjini kutoka kisiwani baada ya msiba. Magunia ya mihogo, matenga ya dagaa, pikipiki mbili, kuku, na watu juu ya watu. Mama huyo, mtoto mgongoni, akapaza sauti: "Jamani, tumejaa! Wengine wasubiri." Kijana wa kamba akamjibu: "Mama, kama unaogopa maji si ungepanda basi?" Basi, kutoka kisiwani! Kivuko kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Mama hakujibu kitu. Alichukua gunia lake, akashuka, akalikalia pale gatini, akatutazama tukiondoka.

Tulifika salama. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu kila mmoja wetu aliondoka akiamini kwamba yule mama alikuwa mwoga.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka mita chache tu kabla ya gati, watu wakiwa wameshasogea upande mmoja kujiandaa kushuka. Waliokufa ni zaidi ya 220, waliookolewa 41. Piga hesabu mwenyewe. Na idadi kamili ya waliopanda haikujulikana, kwa sababu mkata tiketi alizama na mashine yake ikazama naye.

Hapa kuna jambo nataka mlitazame taratibu. Kilio cha kivuko kile hakikuwa siri. Mbunge wa Ukerewe alishakifikisha Bungeni kabla ya ajali. Na serikali haikukaa kimya moja kwa moja: miezi michache kabla, injini zilifanyiwa matengenezo makubwa. Kwa hiyo injini ilikuwa nzima siku kivuko kilipopinduka. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mlangoni, ahesabu vichwa, na akifika mia moja na moja afunge mlango, hata kama anayekuja mbio na tenga la dagaa ni shemeji yake. Injini unaweza kuitengeneza kwa fedha. Mtu wa kufunga mlango humpati kama kila anayesema "tumejaa" anachekwa, anafokewa au anaitwa mchochezi.

Na sisi wa Mwanza hatukuwa wageni wa somo hilo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na nyumbani, ikiwa na watu wengi mno kupita 430 iliyoruhusiwa. Makaburi yako Igoma. Wengine humu mnapita hapo kila asubuhi.

Sasa sikieni kejeli ya historia. Septemba hiyohiyo ya 2018, siku chache kabla ya Ukara, Bunge letu lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kosa la jinai kutoa takwimu za kupinga au kupotosha zile rasmi. Serikali ilikuwa inalinda hesabu zake kwa kifungo, na wakati huohuo haikuweza kusema kivuko chake mwenyewe kimebeba watu wangapi. Marekebisho hayo yalilegezwa Juni 2019, baada ya kelele nyingi, zikiwemo za Benki ya Dunia. Nasikitika kwamba kelele za Benki ya Dunia ndizo zilisikika zaidi kuliko zetu.

Mchumi Amartya Sen amejenga hoja maarufu kutokana na jambo la namna hii: kwamba njaa kubwa ya kuua watu haitokei katika nchi yenye demokrasia inayofanya kazi na magazeti huru. India ilipata ukame mara kadhaa baada ya uhuru lakini haikurudia njaa kama ile ya Bengal ya 1943. China, kati ya 1958 na 1961, ilipoteza mamilioni ya watu, huku viongozi wa chini wakipeleka juu hesabu za mavuno zilizotiwa chumvi. Wakubwa kule Beijing walisoma maghala yaliyojaa, na hapakuwa na gazeti la kuwaambia kwamba yako matupu. Ninachojifunza mimi hapo ni kwamba mtawala anayezima sauti huwa wa kwanza kudanganywa.

Nije kwenye maandamano. Kila mara nasikia redioni: "wameandamana bila kibali." Kibali kipi? Zamani sheria ilidai kibali, kweli. Mchungaji Christopher Mtikila akaipinga mahakamani, na mwaka 1994, Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira akasema kudai kibali ili mtu atumie haki aliyopewa na Katiba ni kinyume cha Katiba hiyohiyo. Sheria ikabadilishwa. Tangu hapo unachopeleka polisi ni taarifa ya maandishi, saa 48 kabla, ukitaja mahali, muda na madhumuni. Ni kama kumpigia jirani kwamba kesho kwangu kuna ngoma. Humwombi ruhusa ya kuoa.

Polisi, nao, sheria imewaachia mwanya mpana: wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika. Mwanya huo umegeuka mlango mkuu.

Mwanza tumeuona ukifungwa na kufunguliwa. Julai 2021 Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alikamatwa katika jiji hili, kongamano la Katiba mpya likiwa bado halijafanyika. Kesi ya ugaidi iliyofuata ilifutwa Machi 2022. Mikutano ya hadhara iliyozuiwa tangu 2016 iliruhusiwa na Rais Samia tarehe 3 Januari 2023, na mkutano wa kwanza wa CHADEMA ukawa hapa uwanja wa Furahisha, tarehe 21 mwezi huo. Tulifurahi, nami nilikuwepo, juani. Lakini Ibara ya 18 na ya 20 za Katiba, za uhuru wa maoni na wa kukusanyika, zilikuwa zilezile miaka yote hiyo. Kilichofungwa kwa tamko kilifunguliwa kwa tamko, na kitu cha namna hiyo kinafungika tena kirahisi.

Najua nitaambiwa: mwalimu, hukuliona daraja? Nimeliona. Daraja la Kigongo–Busisi, kilometa tatu juu ya maji, lilizinduliwa Juni 2025, na nimelivuka nikiwa na machozi, kwa sababu naijua ile foleni ya kivuko. Anayesema serikali haijafanya kitu ni mwongo. Ila daraja halijibu swali la nani anahesabu vichwa.

Miezi minne baada ya daraja ikaja tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwa kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake mpya, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini lililotokana na maneno aliyoyasema. Vijana wakaingia barabarani, Mwanza ikiwemo. Intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, watu wakafa, na tume ikaundwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nyote mlikuwepo, sina haja ya kuwasimulia. Walioharibu mali za watu siwatetei. Lakini niliwauliza wanafunzi wangu watatu kwa nini hawakupeleka taarifa ya saa 48. Walinicheka, kicheko kilekile cha kwenye kivuko, na safari hii mama alikuwa mimi.

Kuna kijana pale nyuma ameuliza swali zuri wakati wa maswali: kama taarifa itapokelewa halafu izuiwe, kuna faida gani kuandika? Nilimjibu hivi. Andika nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri na tarehe, uondoke nayo. Wakikataa kugonga muhuri, rudi kesho na shahidi. Wakizuia, omba sababu kwa maandishi, uipeleke kwa wakili. Humu wako kumi na zaidi, na wengine bado wana madeni ya ada kwa hiyo watakuwa na hamu ya kazi. Mtikila alianza na karatasi. Akauliza tena: na mahakama ikichelewa? Nikamwambia itachelewa. Nakala yako iweke mahali pakavu.