Kidole cha Mwisho: Mhadhara kwa Wanaoanza Filimbi, Moshi

Shikamooni wakubwa, habari zenu vijana. Asanteni kwa kuja na filimbi zenu, hizi za kushikwa kwa ubavu zenye vibonyezo, katika baridi hii ya Moshi. Kabla hatujaanza, zipulizieni pumzi ya moto kidogo. Bomba likiwa la baridi sauti inashuka, halafu mtavilaumu vidole bure.

Kuunga vipande vitatu mmeshaonyeshwa, sirudii. Leo nataka vidole, na katika vidole nataka kimoja: cha mwisho cha mkono wa kulia, kile kidogo. Walionisikia mwaka jana naona wanatazamana. Tazamaneni tu, nitasema tena.

Chukueni chati, ile karatasi inayoonyesha kila nota inashikwa kwa vidole gani. B: gumba na kidole cha shahada, vyote vya kushoto. A, ongeza cha kati. G, ongeza cha pete. Wengi wanaishia hapo. Lakini kila moja ya nota hizo ina alama ndogo pembeni, kule mwisho kabisa, ya kidole hicho cha mwisho, na ndiyo inayorukwa. Mama mmoja wa kwaya alinijia na chati ambayo ni fotokopi ya fotokopi, alama ile imefutika yote. Alikuwa amefanya mazoezi miezi minne bila kidole hicho. Nikamwomba apige C, kisha C shapu, yaani C iliyopandishwa nusu hatua. Sasa, kwenye C shapu karibu kila kidole kinaachia. Kibonyezo kimoja tu kinashikwa, na ni cha huyo wa mwisho, huku gumba la kulia likibeba kwa chini. Yeye alikiacha hewani. Filimbi ikabiringika kidevuni, mdomo ukapoteza tundu, nusura idondoke sakafuni. Akasema, "Mwalimu, filimbi hii mbovu." Nikaipiga mimi mbele yake. Ilikuwa nzima.

Najua kuna anayesema moyoni: mbona nikikiacha sauti inatoka? Inatoka, na ubaya wake ndio huo, kwamba hakuna kinachokushtua. Vifuniko vingi ukibonyeza vinaziba tundu. Hiki cha kidole cha mwisho ukibonyeza kinafungua tundu. Theobald Boehm, mpiga filimbi wa Munich aliyesomea usonara, katika filimbi yake ya 1847 alitoboa matundu pale sauti inapotaka, hata kama vidole havifiki, ndiyo sababu tuna vibonyezo. Tundu hilo likibaki limefungwa, E ya chini inakuwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Unamsikia, lakini humwelewi.

Na ndugu zangu wa matarumbeta msiniulize kwa nini kidole kimoja kinakula robo saa. Nyinyi mna vali tatu. Hapa vidole tisa vina kazi, cha kumi, gumba la kulia, kinabeba.

Katika nota hizi za mwanzo, inayotaka kidole cha mwisho kiinuke ni D. Kwa hiyo kutoka C kwenda D inayofuata juu, shahada ya kushoto na cha mwisho vinainuka, vingine sita vinashuka, vyote kwa pigo moja. Hapo ndipo wanaoanza wanapokatia tamaa. Msikariri chati nzima. Pigeni hizo mbili, polepole, mara ishirini kwa siku, mpaka vishuke pamoja bila kutawanyika. Na msivirushe vidole juu. Vikae karibu na vifuniko.

Wanakwaya, haraka haraka: do yenu inahama. Jumapili hii do ni G, ijayo do ni F. Vidole vya filimbi vinafuata herufi, kwa hiyo uliza kwanza do iko wapi, ndipo ushike. Do ikiwa G mtakutana na F shapu: hiyo ni kidole cha pete cha kulia, wala si cha kati. Do ikiwa F kuna B flati, yaani B iliyoshushwa nusu hatua; nilikuwa nayo hapa, ila muda umeniishia, tutaigusa siku nyingine.

Haya, inueni filimbi. C. Msipulize bado, nataka nione vidole vya mwisho kwanza. Kaka wa nyuma pale, chako bado kiko hewani.