Kuusoma Ustaarabu wa Wagiriki na Warumi kwa Macho ya Pwani

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi,

Mwanafunzi anayechagua kusoma ustaarabu wa Wagiriki na Warumi wa kale chuoni huulizwa na wazazi wake masomo hayo yatamfaa nini, na swali hilo ni la haki, kwa kuwa ada inatoka mfukoni mwao. Nitalijibu kwa kuwaonyesha kazi yenyewe inavyofanyika.

Chukueni Periplus ya Bahari ya Eritrea (jina la kale la Bahari ya Shamu pamoja na Bahari ya Hindi), mwongozo wa biashara ya baharini ulioandikwa kwa Kigiriki yapata katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Anaeleza bandari za Bahari ya Shamu na safari za India, kisha anashuka na pwani yetu ya Afrika Mashariki, anayoiita Azania, mpaka Rhapta, soko lake la mwisho, ambako pembe za ndovu zilinunuliwa kwa wingi. Anasema kwamba manahodha na mawakala Waarabu waliotumwa huko kutoka Muza, bandari ya Yemen, walioa kwa wenyeji na kuijua lugha yao.

Kabla ya Rhapta anataja kisiwa cha Menouthias, chenye miti mingi na kisicho na milima, kilicho umbali wa stadia 300 hivi (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki) kutoka bara. Wakazi wake, anasema, wana mashua zilizoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, na huwanasa kasa kwa vikapu vilivyosukwa badala ya nyavu.

Je, ni Pemba, Unguja au Mafia? Hapo ndipo usomi unapoanza. Stadia 300 ni kama kilomita 55, kipimo kinachoikaribia Pemba kuliko Unguja. Lakini nahodha wa zama hizo alikadiria tu, na hatuna hakika kama mwandishi alifika mwenyewe au alisimuliwa. Tena, maandishi haya tunayategemea mswada wa karne ya 10 uliohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, na mahali hasa panapotajwa kisiwa hicho herufi zimevurugika, hata wahariri wakalazimika kuzipanga upya. Anayesoma tafsiri peke yake haoni ufa huo; huletewa sentensi iliyonyooka, akajenga hoja juu yake bila kujua kwamba chini kuna dhana ya mhariri. Simdharau anayesoma kwa tafsiri, kwa maana wengi wetu tuliingilia mlango huo, ila nasisitiza kwamba miaka inayotumika kujifunza Kigiriki na Kilatini ndiyo inayomwezesha mtu kuhoji badala ya kupokea.

Hata hivyo lugha haitoshi. Ptolemaio wa Aleksandria, mwanajiografia, anaitaja Rhapta katika karne ya 2, lakini mahali ulipokuwa mji huo bado panabishaniwa, na jawabu litatoka ardhini. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya uchimbaji katika eneo la delta ya Rufiji na kuchapisha habari za shanga alizozihusisha na biashara ya Kirumi. Mwanafunzi wa taaluma hii lazima aweze kuweka ushanga na sentensi mezani pamoja, akapima kila kimoja kinathibitisha nini na kinaishia wapi.

Wenzetu wa vyuo vikuu vya Ibadan, Nigeria, na Legon, Ghana, wamefundisha masomo haya kwa miongo mingi, wala hayajawahi kuwa mali ya Ulaya peke yake. Mtu aliyekulia Pemba au Kilwa, aliyeona dema, mtego wa samaki uliosukwa, likitegwa na kusikia wazee wakieleza jinsi mtepe, jahazi la kale, ulivyoshonwa kwa kamba za nazi, anayasoma mafungu hayo ya Periplus akiwa na maswali ambayo mhariri wa mswada wa Heidelberg hakuwa nayo: vikapu vile vilitegwa maji yakijaa au yakipwa, na katika mlango gani wa mwamba? Katika kipindi kijacho tutasoma fungu la 15 na la 16 neno kwa neno, na ningependa kila mmoja aje na swali la namna hiyo.