Mzee wa udongo: Guru Hanuman na vijana wake wa Delhi

Haya jamani, sogeeni mbele, hivyo viti vya nyuma waachieni wanaochelewa, si mnawajua wenyewe.

Nimeambiwa niongee kuhusu ukocha. Mi ni mtu wa ngumi, hilo mnalijua, lakini leo siongelei ngumi wala simuongelei mtu wa hapa. Nawaletea habari za mzee mmoja wa India, kocha wa mieleka, na mkisikia mieleka tafadhali toeni kichwani ile ya kwenye tivii ya kurushiana viti. Hii ni ya kukamatana kweli, mabega ya mwenzio yakilala chini umemaliza kazi, kule wanaiita kushti.

Mzee jina lake la kuzaliwa ni Vijay Pal Yadav, kazaliwa 1901 Chirawa, huko Rajasthan. Utotoni alikuwa dhaifu, wenzie wenye miili wanamuonea, ndo akaingia kwenye mieleka apate nguvu. Watoto wa hivyo hapa kwetu ninao kumi. Ujanani akahamia Delhi, mtaa wa Subzi Mandi, maana yake soko la mboga, na pale pale kwenye miaka ya 1920 akafungua kiwanja cha mieleka, wenyewe wanasema akhara, kikabeba jina la Birla, ile familia ya matajiri wa viwanda waliomshika mkono. Akajiita Hanuman, yule mungu wa Wahindu mwenye umbo la nyani, ambaye wacheza mieleka wanamhesabu kama mlezi wao na picha yake utaikuta karibu kila akhara. Akaapa hataoa. Na kweli hakuoa. Watu wakamuita Guru Hanuman, guru ni mwalimu, na pale kiwanjani akafundisha zaidi ya miaka 70. Sabini bana! Mi nina kumi na nane tu na mama watoto kashaanza kuniuliza naacha lini.

Sasa tukae kidogo kwenye udongo, maana mi hapo ndo nilipomuelewa huyu mzee.

Akhara ya jadi haina jukwaa wala kamba. Ni shimo pana la udongo laini, mawe yametolewa yote, na ule udongo unatunzwa utadhani unga wa maandazi, unatiwa mafuta ya haradali, manjano, maziwa mgando, wengine wanaongeza mwarobaini, unakandwa mpaka unapata harufu yake. Alfajiri kabla hamjakamatana mnashika majembe mnaulima wote. Jembe lenyewe zito, na pale hakuna anayepanda mahindi, unalima ili mgongo na mabega vifanye kazi. Mkimaliza mnafunga kamba kwenye gogo zito, mwenzenu anakaa juu, mnamvuta kuzunguka shimo zima mpaka udongo unalala sawasawa. Mpaka hapo watu wametota jasho na mieleka haijaanza. Halafu ukishavua umebaki na langot, kile kinguo cha kufunga kiunoni, unachota udongo unampaka mwenzio na yeye anakupaka wewe, maana ngozi yenye jasho inateleza, bila udongo hushiki kitu.

Mashine hakuna. Kuna dand, hizi pushapu ambazo kifua kinapita chini halafu kinainuka mbele kama paka anavyojinyoosha, na kuna baithak ambazo ni skwati tu, zote kwa mamia sio kwa makumi. Kuna na rungu la jiwe kwenye mti mrefu, unalizungusha nyuma ya mabega. Ni hivyo tu.

Mzee anaamsha watu usiku wa manane unaelekea alfajiri, na yeye keshaamka zamani. Nyama hagusi. Chakula cha vijana ni maziwa, samli na lozi za kusaga, kwahiyo wale mnaoniambia kocha bila supu ya mbuzi hatufiki raundi ya sita, mtanisamehe. Wanalala pale, wanapika pale, na mzee ndo baba, ndo mpishi mkuu, ndo polisi. Ukinihesabia siku yake nzima, muda wa kufundisha namna ya kumkamata mtu ulikuwa mdogo kuliko muda wa kuangalia nani kala, nani kalala, nani katoroka.

Na matunda yalionekana. Michezo ya Jumuiya ya Madola 1970 kule Edinburgh, Ved Prakash na Sudesh Kumar wakarudi na dhahabu, hawa ni wale wa uzito mdogo kabisa, kilo 48 na 52. Mwaka 1974 Christchurch, Sudesh akachukua tena na Prem Nath akachukua yake. Michezo ya Asia, Kartar Singh dhahabu 1978 na tena 1986, katikati hapo 1982 Satpal Singh akashinda nyumbani Delhi. Serikali ikampa mzee nishani ya Padma Shri 1983, na 1987 akapewa tuzo ya Dronacharya ambayo ndo tuzo yao kubwa ya makocha.

Kuna kitu sitakificha. Mzee alikuwa na fimbo na alikuwa anaitumia, hata kwa mabingwa, na wanafunzi wake wakubwa wakihadithia wanacheka. Mi sicheki. Nimepigwa nikiwa mdogo na mtu aliyejiita kocha wangu, jina lake simtaji, na nilichojifunza pale ni kukwepa macho ya kocha tu. Kwahiyo kwa mzee huyu nachukua jembe, nachukua maziwa, fimbo naiacha kule kule Delhi.

Jambo lingine ni mati, lile godoro jembamba la kuchezea mieleka ndani ya ukumbi. Dunia inashindana kwenye mati, mnavaa viatu, dakika sita zimegawanywa mbili, kila kitu pointi. Udongo unakufundisha nguvu na subira, mati inataka kasi, hasa kushambulia miguu. Kijana aliyekulia kwenye udongo akipelekwa kule ni kama umemtoa kwenye chandimu ya mchangani ukamuingiza kwenye uwanja wa nyasi bandia, mpira ni ule ule lakini unamkimbia. India ilipata shaba ya mieleka Olimpiki 1952 Helsinki kwa K. D. Jadhav, mtu wa Maharashtra ambaye hakutoka kwa mzee huyu, halafu kimya. Kimya miaka 56.

Mzee hakufika mwisho wa kile kimya. Mei 1999, ana miaka 98, yuko kwenye gari anaelekea Haridwar, mji wao mtakatifu kwenye mto Ganges, ajali ikatokea karibu na Meerut akafia hapo.

Lakini yule Satpal niliyemtaja, bingwa wa 1982, alikuwa keshaanza kufundisha vijana kwenye uwanja wa Chhatrasal, hapo hapo Delhi, tangu 1988, na huyu aliweka mati. Akampokea mtoto wa miaka 14, baba yake dereva, anaitwa Sushil Kumar. Olimpiki ya Beijing 2008, Sushil pambano la kwanza tu kapigwa na Mukraine, Andriy Stadnik. Kwetu hapo tungeshafunga begi. Sasa mieleka ina kanuni yake, aliyekupiga akifika fainali wewe unarudishwa kugombea shaba, na Stadnik akafika. Sushil akaitwa tena, akapiga Mmarekani, akapiga Mbelarusi, akapiga Mkazaki, mapambano matatu ndani ya saa moja na ushee. Shaba! 2010 akawa bingwa wa dunia Moscow, 2012 London akachukua fedha. Chhatrasal hiyo hiyo ikatoa Ravi Dahiya, fedha ya Tokyo, na Aman Sehrawat, shaba ya Paris 2024.

Msije mkasema nimewaficha, huyo Sushil 2021 alikamatwa akashtakiwa kwa kifo cha mwanamieleka kijana baada ya ugomvi pale pale Chhatrasal. Yeye amekana, mahakama ndo zenye kazi hiyo. Nimelisema kwasababu kuna wazazi hapa, na mzazi ana haki ya kuniuliza usiku kiwanjani kuna nani.

Naona mkono kule. Eeh, sema. Anauliza huo udongo hauleti upele. Wenyewe wanasema manjano na mwarobaini ndo kazi yake hiyo, na bibi yako alikuogesha mwarobaini ulipopata tetekuwanga, au umesahau? Na wewe mwanangu? Ada? Kwenye akhara za jadi guru hatozi ada, familia zinaleta maziwa na samli, wenye uwezo wanachangia. Hapana, msinitazame hivyo, mi nina watoto watatu, buku mbili ya wiki iko pale pale.

Mwisho tangazo. Kile kiwanja chetu cha nyuma cha zege kinawaua magoti, nimeongea na mtu wa lori, mchanga unakuja Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Majembe ninayo manne tu, mwenye la kwao abebe.