Kreti Kumi na Mbili: jinsi mtandao unavyogundua data iliyoharibika

Mliokaa nyuma sogeeni mbele, feni ya huko haizunguki na sauti yangu ndogo.

Jirani yangu hapa Dodoma hutuma zabibu Dar. Mzigo ukishapanda basi, anampigia mpokeaji: "Kreti kumi na mbili." Zikifika kumi na moja, hakuna ubishi. Mtandao nao ndivyo. Kompyuta inayopokea haijui ulichoandika. Inayo hesabu tu iliyofuatana na mzigo.

Hesabu ndogo kuliko zote ni biti moja, yaani tarakimu moja tu, 0 au 1. Kwenye kompyuta herufi A ni 1000001. Moja ziko mbili, shufwa, basi tunaongeza 0 ili zibaki shufwa. Fundi mageti akawasha mashine ya kuchomelea, biti moja ikageuka: 1000011. Moja tatu, witiri, mpokeaji anashtuka. Zikigeuka mbili je? 1000111. Moja nne, shufwa tena. A yako imeshakuwa G na hakuna aliyeguna.

TCP, kanuni inayosimamia usafirishaji wa data mtandaoni, yenyewe hujumlisha, vipande vya biti 16. Ni kazi nyepesi, ila jumla haijali nani katangulia: 45 na 30 ni 75, 30 na 45 ni 75.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1961 Mmarekani W. Wesley Peterson alichapisha njia ya kugawanya: data yote ihesabiwe kama namba moja ndefu, igawanywe, na baki ndilo lisafiri nayo. Toeni kalamu. 4530 gawanya kwa 7? Baki 1, dada keshapata. Na 3045? Haibaki kitu. Jumla ilidanganyika, baki limekataa. Kompyuta hugawanya biti, bila kukopa wala kubeba, lakini mchezo ni huohuo, nao unaitwa CRC. Ethernet, mtandao wa kebo wa ofisini au nyumbani, hubandika baki la biti 32 mwishoni mwa kila fremu, yaani kila kifurushi cha data. Uharibifu wa mfululizo usiozidi biti 32 haupenyi.

Fremu mbovu inaenda wapi? Swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, inaitupa, kimya, haimwambii mtu. TCP ndiyo inayongoja jibu, ikiona kimya inatuma upya. Kwako wewe hiyo ni video inayokwamakwama, nawe unalaumu bando. Ingia kwanza kwenye swichi, tazama kaunta ya makosa ya CRC. Ikiwa inapanda kila ukiitazama, ifuate kebo mpaka darini. Yangu ilikuwa imetafunwa na panya.