Choo kinaflashi kinyonge? Anza na ndoo kabla hujamwita fundi

Haya wapendwa mambo vipi, karibuni tena, leo msinicheke tuko chooni, simu nimeiegesha kwenye beseni na glavu ziko mkononi, mtu ukikaa ughaibuni unakuwa fundi kwa lazima.

Tatizo ni hili, tazameni, naflashi... mnaona? Maji yanazunguka kivivu, karatasi imebaki palepale. Sasa usikimbilie kununua spea. Chukua ndoo ya maji lita 6 hivi, mwaga kwa mkupuo mmoja kwenye sinki la choo. Yakinyonywa yote na ule mlio wa kukoroma mwishoni basi njia ya chini ni safi, ugonjwa uko juu kwenye tangi. Yakianza kupanda acha hapohapo, kuna kitu kimeziba, tafuta pampu ya mpira na tangi uliache.

Maana choo hakisukumwi na presha ya bomba jamani, kinachofanya kazi ni maji mengi kushuka kwa pamoja, yanajaza ile shingo iliyopinda kwa nyuma halafu ndo inavuta kila kitu. Yakishuka kwa kudondoka dondoka shingo haijai, hakuna mvuto hata uflashi mpaka kesho.

Kwangu ndoo imepita vizuri, kwa hiyo tunafungua tangi. Mfuniko weka chini kwenye taulo, ni udongo ule, ukidondoka ndo basi tena. Hili bomba lililosimama katikati ni la kumwaga maji yakizidi, na maji yanatakiwa yakae kama sentimita 2 na nusu chini ya mdomo wake. Haya yangu yako chini mno, na huu mstari wa kutu kwenye ukuta wa tangi unaonyesha zamani yalikuwa yanafika wapi. Nazungusha skrubu ya boya kidogo kidogo, boya linapanda, maji yanaongezeka, kazi ya bisibisi tu.

Halafu cheni, hii inayounganisha mpini na ule mpira wa chini unaoziba tundu la tangi. Ikilegea sana, mpira unanyanyuka kidogo tu na kujifunga kabla maji hayajaisha, ukiikaza sana haufungi na maji yanavuja usiku kucha. Acha ulegevu wa kama sentimita 1. Choo cha kitufe hakina cheni, lakini kimo cha maji kiangalie vilevile. Na kama kuna mtu alikushauri uweke chupa ndani ya tangi kubana maji, itoe! Ushauri huo ulikuwa wa matangi makubwa ya lita 13, hili la lita 6 unalinyima pumzi.

Tangi likiwa sawa na bado kinyonge, weka kioo chini ya ukingo wa sinki uone vile vitundu, mara nyingi vimejaa ukoko wa chumvi ya maji. Chokonoa na waya, mimina siki ya uvuguvugu kwenye lile bomba la katikati, acha ilale humo, asubuhi flashi. Isichemke, sinki linaweza kupasuka, na usichanganye KABISA na dawa ya klorini, inatoa gesi ya sumu.

Ila kama beseni la kunawia nalo linakoroma kila ukiflashi, hapo huenda imeziba ile bomba ya hewa inayotokea juu ya paa, na paani mimi sipandi, muite fundi.