William Porterfield: nahodha aliyeivusha Ireland hadi Test

Hamjambo nyumbani! Leo kutoka Dublin tunazungumza kriketi, na Nairobi mtanisikiliza kwa makini, kwa sababu mtu huyu mlimwona kabla hajawa nahodha.

Februari 2007, Ligi ya Dunia ya Kriketi ikichezwa Nairobi, William Porterfield, kijana wa miaka 22 kutoka Derry, alifungua upigaji dhidi ya Kenya na ova 50 (kila ova ni mirusho sita) zikaisha hajatolewa: mikimbio, yaani pointi, 104. Mechi iliyotangulia aliwapiga Bermuda 112, pia bila kutolewa. Siku hiyo ya Kenya, Kevin O'Brien naye akapiga 142, Ireland wakafika 284. Kenya ikashinda hata hivyo, ikiwa imebakiwa na wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja zaidi akitolewa wangekuwa wamekwisha! Thomas Odoyo alikuwa na 61.

Mwaka 2008 akapewa unahodha. Sasa, msifikirie kitambaa cha mkononi kama kwenye soka. Katika kriketi, mpira ukishaanza, nahodha ndiye anayeamua nani arushe, ova ngapi, na kila mtu asimame wapi. Mechi ya ova 50, mrushaji haruhusiwi kuzidisha ova 10, kwa hiyo unahitaji warushaji watano angalau. Ukiwamaliza wazuri mapema, ova za mwisho zinaangukia mikononi mwa dhaifu, na hapo ndipo mikimbio inapomwagika.

Tatizo lake lingine lilikuwa wachezaji kuondoka. Ireland haikuwa na hadhi ya kucheza Test, zile mechi za siku nyingi, kwa hiyo aliyezitaka ilibidi aende Uingereza. Eoin Morgan aliondoka 2009, Boyd Rankin akafuata baadaye. Porterfield alicheza ligi ya kaunti huko huko Uingereza, Gloucestershire kisha Warwickshire, lakini timu ya taifa hakubadilisha.

Machi 2, 2011, Bengaluru, Kombe la Dunia. England wamepiga 327. Porterfield anafungua, mpira wa kwanza kabisa kutoka kwa James Anderson, wiketi imeanguka! Ireland wakafika 111 kwa wiketi tano, kisha O'Brien akapiga mia moja kwa mipira 50 na wakashinda ikiwa imebaki mipira mitano. Ushindi mkubwa kuliko wote wa enzi yake, na yeye mwenyewe mikimbio sifuri. Ndiyo kriketi hiyo.

Hadhi ya Test ilikuja Juni 2017. Mechi ya kwanza ikawa Malahide, kaskazini mwa Dublin, Mei 2018, dhidi ya Pakistan. Siku ya kwanza mvua ikaifuta yote, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Test ya siku tano, kila timu hupata zamu mbili za kupiga, na timu inayopiga ya pili inaweza kulazimishwa kurudi kupiga papo hapo ikiwa nyuma kwa mikimbio 200. Siku ya kwanza ikipotea, kiwango kinashuka hadi 150. Pakistan walikuwa na 310, Ireland wakatolewa kwa 130, tofauti 180. Bila mvua ile, sheria isingewagusa. Wakarudi wakapiga 339, O'Brien 118, lakini Pakistan wakashinda kwa wiketi tano.

Julai 2019, uwanja wa Lord's, London, England walitolewa kwa 85 asubuhi ya kwanza, Tim Murtagh akichukua wiketi tano kwa mikimbio 13 tu. Mwishowe Ireland walihitaji 182 kushinda. Mawingu yakatanda, mpira ukawa unapinda hewani, wakatolewa wote kwa 38. Thelathini na nane, jamani!

Kwa mtazamo wangu, 38 ile haipaswi kuwa kipimo chake. Aliongoza mechi 253, kisha Novemba 2019 akamkabidhi Andrew Balbirnie, na Juni 2022 akastaafu. Test alicheza tatu, zote akiwa nahodha, zote walipoteza. Ya kwanza Ireland kushinda ilikuwa Machi 2024, Abu Dhabi, dhidi ya Afghanistan, Balbirnie akiongoza.