Chupa Haina Ini

Leo nasema jinsi samaki na kome wanavyotuonyesha kama uchafu wa majini unaharibu DNA, ule uzi wa urithi ndani ya seli. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi: kwenye tone la damu. Nivumilieni.

Chembe nyekundu ya damu yako, ndugu msikilizaji, haina kiini, ile sehemu ya seli inayohifadhi DNA. Ya samaki inacho. Basi uhondo wote uko hapo! Unamdunga samaki sindano, unavuta damu kidogo, unamrudisha majini akaendelee na shughuli zake, nawe umebaki na maelfu ya seli zenye DNA. Unazichanganya na jeli ya agarosi, inayotokana na mwani, juu ya kioo cha hadubini, unayeyusha utando wa seli hizo kwa chumvi na sabuni, kisha unapitisha umeme. DNA nzima imejikunja, haiendi mbali. Iliyokatika huvutwa upande wa chanya. Ukiitia rangi unaona kichwa, ndiyo DNA nzima, na mkia, ndiyo iliyokatika, kama nyota ya mkia, ndiyo maana tunakiita kipimo cha kometi. Watafiti Östling na Johanson walikianzisha 1984. Mwaka 1988 Singh na wenzake wakakipeleka kwenye alkali kali, pH zaidi ya 13, na hata mkatiko wa uzi mmoja tu kati ya nyuzi mbili za DNA ukaonekana.

Namwona mzee pale nyuma anakunja uso: "Si mpime maji tu?" Jamani! Uchafu umefunguliwa saa nane usiku, wewe umechota chupa yako saa nne asubuhi. Umepima nini? Kome aliyejishikiza kwenye mwamba alikuwepo saa nane. Tena benzopireni, sumu ya moshi na mafuta, ikiwa majini bado haijaigusa DNA. Ni ini la samaki, likihangaika kuitoa mwilini, ndilo linaloigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye DNA. Chupa haina ini.

Haya, msinigeuzie kibao: mkia si hati ya mashtaka. Jua na joto huurefusha. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea damu iliyopigwa na jua njia nzima, bila barafu. Mikia mirefu ajabu, hata ya samaki wa kule kwenye maji safi! Tukamwaga zote.

Halafu seli huunga tena DNA yake iliyokatika. Baada ya saa kadhaa mkia waweza kufupika. Hapo ndipo tunahesabu viini vidogo, vipande vya kromosomu (mafungu ya DNA) vilivyoachwa nje ya kiini seli ilipogawanyika. Hivyo havirudi ndani kirahisi. Nilikuwa na picha nane za matamvua ya kome, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mzee wa nyuma, bado umekunja uso? Uliza.